Mvinyo Unaofanywa Majumbani

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Aliyemtukuza mwanadamu kwa akili, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu wasomaji, mwezi uliopita lilitufikia suali ambalo hatukudhani kuwa litatoka katika mji wetu huu wa Isiolo. Tumezoea kuulizwa juu ya talaka, na juu ya mirathi ya ngamia, na juu ya mtu aliyeswali akaingiwa na shaka ya rakaa. Mara hii tumeulizwa juu ya mvinyo mwekundu. Wala si mvinyo wa kununuliwa katika chupa, bali wa kufanywa nyumbani, ndani ya ndoo ya plastiki, kwa muda wa siku saba.

Muulizaji ni kijana miongoni mwa wanaohudhuria darasa letu baada ya swala ya Magharibi. Jina lake hatulitaji, wala anayemjua asimtaje. Aliagiza kwa simu, kwa mfanya biashara wa Nairobi, masanduku matatu. Ndani ya kila sanduku mna mfuko wa maji mazito ya zabibu, yaliyokwisha kuchemshwa hata yakawa kama asali; na kijipakiti cha hamira; na vijipakiti vingine vya unga wa kuzuia na wa kung'arisha; na karatasi ya maelezo. Mtu huyamimina yale maji mazito katika ndoo, akaongeza maji ya kawaida na pengine sukari mpaka zikapata lita 23, akanyunyiza hamira, akafunika kwa kifuniko chenye kijibomba cha maji cha kutolea hewa. Baada ya wiki hutia ule unga wa kuzuia, akakoroga ili hewa itoke, akang'arisha, akatia katika chupa. Sanduku moja latoa chupa 30. Kijana wetu alikwisha kufanya sanduku la kwanza na kuliuza, la pili lilikuwa lachemka ndani ya ndoo, na la tatu halijafunguliwa.

Alikuja nalo hilo la tatu darasani, chini ya kwapa, akaliweka mbele yetu kama mtu anayeleta kitabu cha kusoma. Akasema: "Maalim, maji ya zabibu ni halali. Sukari ni halali. Hamira mama zetu huitia katika mahamri kila siku. Basi halali tatu zikikutana huzaa haramu kwa njia gani?"

Hatuna budi kukiri lililotokea baada ya hapo, kwa kuwa ndilo lililotufanya tuandike. Sisi wa darasa hatukumjibu. Tulimkemea. Mmoja alimwita mtumishi wa Shetani, mwengine akamwambia asiuguse msahafu, na sisi wenyewe tuliokuwa tumekaa mahali pa kufundisha tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kukawa ni ruhusa. Kijana alilichukua sanduku lake akaenda zake, na siku kumi na moja hatukumwona msikitini. Siku ya kumi na mbili alitujia mama yake, si kwa kulalamika, bali kwa kuuliza jambo moja tu: ikiwa mwanawe alikuwa amekosea, lile kosa lenyewe ni lipi? Maana kijana alirudi nyumbani na matusi, wala hakurudi na jibu. Mama alisema kweli. Suali lile lina jibu, na jibu lake limo vitabuni tangu zaidi ya miaka elfu, na kazi yetu ilikuwa ni kulisema.

Basi twalisema sasa.

Uharamu haukuingia katika zabibu, wala katika sukari, wala katika hamira. Umeingia katika kile kinachozaliwa zinapokutana na kuachwa. Hamira ni viumbe vilivyo hai, vidogo visivyoonekana kwa macho. Jambo hili alilibainisha mwanachuoni wa Kifaransa, Louis Pasteur, katika miaka ya 1850 na iliyofuata. Viumbe hivi hula sukari, na vikiisha kula hutoa vitu viwili: hewa, nayo ndiyo inayoonekana ikitoa mapovu, na kileo. Kila gramu 17 za sukari zilizomo katika lita moja hutoa kiasi cha sehemu moja ya kileo katika mia. Maji ya zabibu yaliyoiva vizuri huwa na zaidi ya gramu mia mbili za sukari katika lita, na kwa hiyo mvinyo wake hufika sehemu 12 au 13 katika mia. Hii si juisi iliyochacha kidogo kwa bahati mbaya. Hiki ni kileo kamili, tena kilichokusudiwa. Na hata maelezo yaliyomo sandukuni humfundisha mtu jinsi ya kukipima kwa kipimo cha kioo ajue kimefika nguvu gani.

Na tazama lugha yenyewe. Waarabu huiita hamira *khamira*, na ulevi huuita *khamr*, na ushungi wa mwanamke huuita *khimar*. Maneno yote matatu yatoka katika shina moja, nalo ni kufunika. Sayyidna Umar (r.a.) alisimama juu ya mimbari ya Mtume (s.a.w.) akawaeleza watu kwamba khamri ilipoharamishwa ilikuwa ikifanywa kwa vitu vitano, zabibu na tende na asali na ngano na shayiri, kisha akaeleza kuwa khamri ni kila chenye kuifunika akili. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Waona basi kwamba Sayyidna Umar hakutazama kitu kilikotoka. Alitazama kinachomfanya mtu. (Sisi Waswahili, kwa kupitisha tu, hatukuwa na neno letu la kinywaji hiki cha zabibu: "mvinyo" tumelipokea kwa Wareno, na "divai" limetokana na Kifaransa. Tembo ndilo tulilokuwa nalo.)

Na hilo tembo ni mfano mzuri kwa aliyekaa pwani. Maji ya mnazi yagemwapo alfajiri yakanywewa pale pale ni matamu, wala hayalevyi. Yaachwe juani mpaka alasiri, na mnywaji atarudi kwake akishika kuta. Mnazi ni ule ule na mgema ni yule yule. Kilichozidi ni saa chache.

Hapa ndipo Sunna ilipokuja na mafunzo ambayo yamstaajabisha mtu akiyatazama pamoja na elimu ya leo. Mtume (s.a.w.) alikuwa akinywa *nabidh*, nayo ni maji yaliyorowekwa zabibu kavu au tende mpaka yakawa matamu. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kuwa walikuwa wakimrowekea asubuhi akanywa jioni, na wakimrowekea jioni akanywa asubuhi. Na Ibn Abbas (r.a.) ameeleza, katika Sahihi Muslim, kuwa alikuwa akirowekewa usiku, akanywa mchana wake, na siku ya pili, na ya tatu, ikifika jioni ya siku ya tatu, na ikabakia, huamrisha imwagwe au apewe mwingine kabla haijageuka. Siku tatu ndio ukomo. Wala hakikuwepo wakati huo kipimo cha kioo, wala hapakuwa na mtu aliyejua kuwa hamira ina uhai. Lakini mpaka uliwekwa pale pale unapofaa kuwekwa: kabla ya kile kitu kugeuka. Na katika joto la kwetu Isiolo, ndoo ikikaa chumbani chini ya paa la bati, hata siku tatu ni nyingi. Mwenye kuroweka zabibu na anywe siku ile ile.

Kwa hivyo jibu la suali la kwanza ni hili: maji yale mazito ya zabibu, yakiwa ndani ya mfuko wake, ni tohara na ni halali. Yakichanganywa na maji yakanywewa leo, ni sharubati. Yakitiwa hamira yakaachwa yakachemka, yamekuwa khamri kwa kauli ya wanavyuoni wote, bila ya khilafu hata ya mmoja. Na jambo hili twalikazia kwa sababu wapo waliosikia kuwa Imam Abu Hanifa alikuwa na kauli pekee katika baadhi ya vinywaji. Ni kweli alikuwa nayo, katika vinywaji visivyokuwa vya zabibu mbichi. Ama maji ya zabibu yaliyochemka yenyewe yakapanda nguvu na kutoa povu, hayo ndiyo aliyoyaita khamri kabla ya kingine chochote. Basi mwenye kumtafutia udhuru kijana wetu kwa Abu Hanifa amekwenda katika mlango uliofungwa kuliko yote. Na sisi wafuasi wa Imam Shafi twasema pamoja na walio wengi kwamba kila chenye kulevya ni khamri, na ambacho kingi chake chalevya basi hata kichache chake ni haramu, kama ilivyothubutu kwa Mtume (s.a.w.).

Kijana alisema tena, na hili alilisema kwa mama yake: mbona maziwa ya ngamia tunayachachisha, na anjera tunaiumua usiku kucha?

Suali hili si la kuchekwa. Watu wa Garba Tulla na Merti wameishi kwa maziwa yaliyochacha zamani sana, na kina mama wetu huyapeleka maziwa ya ngamia mpaka Eastleigh. Lakini kuchacha kuna namna mbili. Maziwa hugeuzwa na viumbe vya namna nyengine, ambavyo kazi yao ni kuyafanya yawe makali kwa uchachu, si kwa kileo. Mtu atakunywa kibuyu kizima, atashiba, pengine atasinzia kwa shibe, wala hatalewa. Ama anjera na mkate, hamira hufanya kazi yake ndani ya unga kwa saa chache, na kile kidogo kinachozaliwa huondoka kwa moto wa chuma au wa tanuri. Hapana mtu duniani aliyelewa kwa mkate. Kipimo cha sharia ni kulevya, si kuchacha. Lau kipimo kingekuwa kuchacha, hata siki ingekuwa haramu, na Mtume (s.a.w.) ameisifu siki kuwa ni kitoweo chema.

Bali ukitaka kumwona ndugu wa kweli wa sanduku hili, usimtazame ngamia. Tazama milimani kwa jirani zetu. Wameru na Wakikuyu hufanya muratina kwa asali na maji. Huchukua lile tunda refu la mvungunya, wakalikausha, wakalitia katika asali iliyochanganywa na maji, wakaweka mahali penye joto la moto kwa siku kadhaa. Lile tunda ndilo linalobeba hamira. Kijipakiti cha sandukuni na tunda la mvungunya kazi yao ni moja. Na hukmu ya ulevi wa asali si jambo la kukisia, kwani Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) alipopelekwa Yaman alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya *bit'*, ambayo ni pombe ya asali, na *mizr*, ambayo ni pombe ya nafaka, akajibiwa kuwa kila chenye kulevya ni haramu. Kuna Muislamu wetu hapa mjini asiyeweza kupita karibu na nyumba inayouzwa muratina, hugeuza uso. Kisha mwanawe akiambiwa "mvinyo wa zabibu wa Ulaya" hudhani ni jambo la watu waungwana. Mtume (s.a.w.) amekwisha kutuonya kuwa watatokea watu katika umma huu watakaokunywa khamri wakaiita kwa jina lisilokuwa lake.

Likabaki la kuuza. Kijana alisema kuwa yeye hanywi, wala hajaonja, na twamsadiki. Aliwauzia watu wasiokuwa Waislamu, wenye kupita njia kwenda kutazama wanyama Samburu na Shaba, na baadhi ya wafanya kazi wa kule. Alidhani kwa hilo amesalimika.

Hakusalimika. Mtu mmoja alimletea Mtume (s.a.w.) kiriba cha khamri kuwa ni zawadi, naye hajui kuwa imekwisha kuharamishwa. Alipoelezwa, alimnong'oneza mtu wa ubavuni pake. Mtume akamuuliza amemnong'oneza nini. Akasema amemwamrisha akaiuze. Mtume akamjulisha kuwa Yule aliyeharamisha kuinywa ndiye aliyeharamisha kuiuza; na yule mtu akafungua kiriba, ikamwagika yote. Haya yamo katika Sahihi Muslim. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kwa Anas (r.a.), waliolaaniwa kwa ajili ya khamri ni watu kumi, na mnywaji ni mmoja tu kati ya hao kumi. Wa kwanza kutajwa ni mwenye kukamua. Kisha mwenye kukamuliwa, na mbebaji, na mwenye kubebewa, na mnyweshaji, na muuzaji, na mla thamani yake, na mnunuzi, na mwenye kununuliwa. Ndoo ya kijana wetu imekusanya sita au saba wa hao katika mtu mmoja, naye hajaonja tone.

Alisema pia kuwa kinywaji chake si kama chang'aa iwauayo watu. Katika hili alisema kweli, na kweli haikanushwi kwa kuwa imetoka kinywani mwa mwenye kukosea. Mwaka 2000 walikufa Nairobi watu zaidi ya mia moja kwa pombe iliyotiwa sumu, na wengine wakapofuka. Na Februari 2024 wakafa watu zaidi ya kumi katika kijiji kimoja cha Kirinyaga. Mvinyo wa zabibu uliochemshwa kwa hamira hauna sumu ya namna ile. Lakini ni nani aliyesema kuwa khamri imeharamishwa kwa sababu ya sumu? Aya mbili za Sura ya Almaida, ya 90 na ya 91, zimeitaja sababu: Shetani anataka kutia uadui na chuki baina yetu, na kutuzuia tusimkumbuke Mwenyezi Mungu, tusiswali. Khamri iliyokuwa Madina ilikuwa safi, ya tende, haikutiwa kitu. Ikamwagwa. Na hata hivyo, wasidhani wenye kusema "safi" kuwa matabibu wako pamoja nao: taasisi ya Umoja wa Mataifa ya uchunguzi wa saratani iliuhesabu ulevi miongoni mwa vyenye kuleta saratani tangu 1988, na Shirika la Afya la Dunia lilitangaza Januari 2023 kuwa hakuna kiasi cha ulevi, hata kidogo, kisichokuwa na madhara kwa afya.

Na wala pasiwe na mtu wa kutuletea sheria ya serikali. Chang'aa ilikatazwa Kenya kwa sheria ya 1980, kisha ikaruhusiwa kwa sheria ya 2010, kwa masharti na leseni. (Na leseni kijana wetu hakuwa nayo, kwa hivyo hata huko hakuwa na pa kusimama.) Serikali ina mazingatio yake. Lililokuwa haramu 1980 na likaruhusiwa 2010 ni katika vitabu vya Bunge. Katika kitabu chetu halikuhama.

Sasa tuje katika mambo ya kutenda, kwa kuwa mama yule hakuja kutafuta hotuba. Alikuja na mambo manne: ile ndoo inayochemka, na lile sanduku lililobaki, na zile fedha, na chombo chenyewe.

Ama ndoo inayochemka, imwagwe. Kijana aliuliza: je, haiwezi kuachwa ikawa siki, asipotewe na mali yake? Twasema, khamri ikigeuka siki yenyewe, bila ya kutiwa kitu, imetoharika. Na ikitiwa kitu ili igeuke, katika madhehebu yetu haitohariki, ingawa Mahanafi wameruhusu. Lakini hapa kuna jambo kabla ya hilo. Hii ilifanywa kwa kukusudia khamri, na iliyokusudiwa hivyo yapasa kumwagwa, haiwekwi. Abu Talha (r.a.) alikuwa na khamri ya mayatima waliorithi. Akamuuliza Mtume (s.a.w.) afanye nini, akaambiwa aimwage. Akauliza kama aigeuze siki, akaambiwa hapana. Ikiwa mali ya yatima haikuachwa, mali ya kijana mwenye nguvu zake haiachwi.

Ama chombo, kioshwe vizuri, kwa kuwa khamri ni najisi kwetu, kisha kitumiwe kwa maji au kwa unga. Hapa mmoja wetu alisema kichomwe moto. Kwa nini? Mtume (s.a.w.) aliwakataza wajumbe wa Abdul Qays kuroweka katika kibuyu, na mtungi uliopakwa rangi, na chombo cha lami, na gogo la mtende lililochimbwa, kwa kuwa vyombo hivyo huharakisha kuchemka na mwenyewe hajui. Kisha baadaye akawaruhusu vyombo vyote, kwa sharti ya kutokunywa chenye kulevya. Chombo hakina dhambi. Ndoo ya lita 30 katika mji wenye shida ya maji kama wetu ni mali.

Ama fedha, hapa ndipo palipotupata sisi. Kijana alipouza zile chupa za mwanzo alitoa shilingi elfu nne akazileta darasani kwa ajili ya tangi la maji la madrasa. Tulizipokea, tukamwombea dua, tukamsifu mbele ya watoto. Hatukumuuliza kijana asiyekuwa na kazi amezipata wapi. Na tulipojua, wapo waliotaka zirudishwe kwake kwa kutupiwa, na wapo waliosema tangi limekwisha kununuliwa, tunyamaze. Yote mawili si sawa. Mauzo ya khamri ni batili, na kwa madhehebu yetu thamani haikumilikiwa na muuzaji. Asili yake ni kurudishiwa mwenyewe akijulikana. Hawa walikuwa wapita njia, hawajulikani walipo. Mali ya namna hiyo, kama alivyoeleza Imam Ghazali na akanukuliwa na Imam Nawawi, mwenye kutubia huitoa katika maslaha ya Waislamu wote au kwa mafakiri, kwa nia ya kujitoa nayo, si kwa kutaraji thawabu ya sadaka. Kwa hivyo tangi na libakie. Bali tumemwambia kijana kuwa ile dua tuliyomwombea kwa kutoa kwake haikuwa mahali pake, na tumejiambia sisi wenyewe kuwa mpokeaji naye ana swali la kuulizwa. Fedha nyengine alizokuwa nazo alizitoa kwa njia hiyo hiyo, kwa mkono wa mama yake. Zilikuwa si nyingi.

Ama sanduku la tatu, alitaka kumuuzia jirani yake asiyekuwa Muislamu, kwa bei aliyonunulia tu, bila ya faida. Hilo nalo halifai: kumuuzia mtu maji ya zabibu na wewe wajua yakini kuwa atayafanya khamri ni haramu. Tulilifungua mbele yake, tukasoma yaliyoandikwa juu ya mfuko, tukaona ni zabibu tupu na dawa ya kuhifadhia kama iliyomo katika sharubati za dukani. Tukamwambia hamira ampe mama yake kama itamfaa kwa mikate, na yale maji yawe ya futari.

Twarudi kidogo nyuma, katika lile tulilokiri. Khamri haikuharamishwa kwa siku moja. Iliteremka kwanza aya ya Sura ya Albakara, ya 219, kueleza kuwa ndani yake mna dhambi kubwa na manufaa kwa watu, na dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kisha ya Annisaa, ya 43, kuwazuia wasiikaribie swala hali wamelewa. Kisha ndipo ikaja ya Almaida. Na ilipokuja, Anas (r.a.) alikuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha, wakamsikia mwenye kunadi njiani, wakamwamrisha amwage, na vichochoro vya Madina vikapita khamri. Hawakuuliza tena. Watu hawa walikuwa wametayarishwa kwa miaka. Sisi hatusemi kuwa hukmu leo ni ya hatua kwa hatua. Hukmu imekwisha timia. Twasema kuwa moyo wa mtu bado ni ule ule, na mwenye kufundisha asidai kutoka kwa kijana katika usiku mmoja utiifu ambao yeye hakumtayarishia hata kwa darasa moja. Tumesoma naye twahara miaka miwili. Mlango wa vinywaji hatukuufikia.

Na aliletwa kwa Mtume (s.a.w.) mtu aliyelewa, akapigwa, na baadhi ya watu wakamwapiza. Mtume akawakataza wasimsaidie Shetani juu ya ndugu yao. Huyo alikuwa amelewa. Wetu alikuja na suali, na sanduku chini ya kwapa.

Tulikwenda kwake watu watatu, baada ya Alasiri, tukamwomba radhi kwanza kabla ya kumpa hukmu. Hakujibu maneno mengi. Aliuliza hayo manne tuliyoyaeleza, akasikiliza, akabishana nasi katika la siki, na haki yake kubishana. Kisha akaibeba ndoo mwenyewe mpaka nyuma ya ua, penye shimo la taka, akaimimina. Ilikuwa nyekundu sana, na mbuzi wa jirani walikuja kunusa, ikabidi tuwafukuze. Jumatatu iliyofuata tuliofunga tulifuturu kwake kwa maji ya zabibu yenye barafu, na yaliyosalia yakagawanywa kwa majirani kabla ya Isha.

Tumeanza Mlango wa Vinywaji kila Jumatano. Na wale waliotuandikia wakiuliza mbona twausema mvinyo wa Nairobi na twanyamazia miraa ya Nyambene iliyomo vinywani mwa waswalihina wetu, suali lao tumelipokea, na litajibiwa katika toleo lijalo, Mungu akipenda, ingawa twajua kuwa baadhi ya watu wa darasa letu wenyewe hawatalifurahia jibu. Wallahu a'alam.